Shaba ya Benin na Nyumba za Makumbusho

Huenda mmejiuliza kwa nini Wazungu huweka vinyago na vyungu vya Waafrika katika nyumba kubwa za makumbusho, na kuvilinda kama fedha. Zamani havikuheshimiwa hivyo. Na tutazame habari za mji wa Benin, katika nchi ya Nijeria.

Mafundi wa mji huo walimfanyia kazi mfalme wao, aitwaye Oba. Fundi alifinyanga sanamu ya nta, akaifunika kwa udongo, akautia motoni hata nta ikayeyuka ikatoka. Ndipo akamimina shaba ya moto mahali pa nta. Ilipopoa aliuvunja udongo. Basi kila kalibu ilitumika mara moja tu. Kwa vibao hivyo vya shaba, watu wasio na vitabu waliweka kumbukumbu za wafalme wao.

Mwaka 1897 askari wa Kiingereza waliuteka mji, wakamhamisha Oba Ovonramwen mpaka Calabar, wakachukua maelfu ya vitu. Mwaka ule ule vibao zaidi ya 300 vilionyeshwa katika British Museum, London. Watu wakastaajabu. Wataalamu wengine walidhani Wareno ndio waliowafundisha Waafrika kazi hiyo. Lakini Felix von Luschan, wa makumbusho ya Berlin, alinunua vingi, akavichunguza, akashuhudia kwamba mafundi wa Ulaya hawakuwapita wale wa Benin. Baadaye ikajulikana kuwa Waafrika walijua kusubu shaba kabla Wareno hawajafika.

Hivyo makumbusho hayakuvitia vitu hivyo uzuri. Uzuri ulikuwamo tangu mwanzo, ila macho ya wageni yalichelewa kufumbuka. Tena majina ya maofisa waliovileta yaliandikwa, bali ya mafundi hayakuulizwa.

Mwaka 2021 Jesus College ya Cambridge ilirudisha jogoo wa shaba, na Desemba 2022 Ujerumani ilikabidhi vitu 20 huko Abuja. Na mjini Benin, katika mtaa wa Igun, wasubu shaba wangali kazini.

Nasi je? Tumetupa vingi vya wazee wetu, hata kigoda na mkeka, tukidhani vyote ni vya ushenzi. Lakini twasoma katika Kutoka 31 kwamba Mungu mwenyewe alimjaza Bezaleli hekima ya kufanya kazi za dhahabu, fedha na shaba. Basi yatupasa kwenda kwa wazee wangali hai, kuuliza ni nani aliyekitengeneza kitu, na kwa njia gani, na kuliandika jina lake.