Majenerali Wawili na Amana ya Bunduki



Ndugu msomaji, hapa kwetu Nyamuswa, kama kwingineko, wapo Waislamu wanaomtetea Jenerali Idi Amin wa Uganda kwa hoja moja tu: alikuwa Muislamu. Tuipime hoja hiyo.

Amin alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore. Wanazuoni humwita mtawala wa aina hii mutaghallib, yaani aliyeshika madaraka kwa nguvu. Ibn Jamaa, kadhi wa Kishafi aliyefariki mwaka 733 Hijria, ni miongoni mwa waliosema atiiwe. Sababu yao ni kuepusha fitina na umwagaji damu, wala si kuhalalisha dhulma. Na hatiiwi kiumbe katika kumuasi Muumba.

Je, damu ilisalimika? Askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa makambini. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mwaka 1972, hakuonekana tena. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwaka 1977. Waasia, wakiwemo Waislamu wengi, walipewa siku 90 kuondoka, na mali zao zikagawiwa wengine.

Ni kweli kwamba mwaka 1972 liliundwa Baraza Kuu la Waislamu Uganda, na mwaka 1974 nchi ikaingia OIC. Lakini Amin alipoanguka Aprili 1979, Waislamu wa Ankole wasio na hatia waliuawa kwa kulipiziwa kisasi. Dhulma ya mmoja ikabebeshwa umma.

Sasa tumtazame jenerali wa pili, jirani yetu. David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, alipitia jeshi la kikoloni la KAR kama Amin. Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, Musuguri aliongoza Divisheni ya 20 iliyoingia Uganda. Mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Bunduki zote zilikuwa chini yake, lakini hakuzielekeza Ikulu. Alistaafu mwaka 1988, akafariki mwaka 2024 katika nchi yake. Amin alifia uhamishoni Jeddah mwaka 2003.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Basi maimamu na wanafunzi, tusimpime mtawala kwa jina lake, bali kwa namna alivyoitunza amana. Anayemtetea dhalimu kwa kuwa ni ndugu yake hauteteei Uislamu, anaubebesha lawama.

Wallaahu aalam.