Nani alikula ushuru wa Tanganyika?

Wadau, tukiulizwa kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, wengi tunakimbilia kwa Idi Amin, au Ujamaa na ubepari. Sawa, vilichangia. Ila mimi naanzia mbali, kwenye mazungumzo ya forodha ya miaka ya 1920.

Kenya na Uganda ziliunganisha forodha 1917. Tanganyika ndio kwanza imetoka kwa Mjerumani, na hati ya udhamini, ibara ya 10, ikamruhusu Mwingereza kuiunga kiforodha na majirani. Mwaka 1923 mazao na bidhaa za humu humu zikaanza kuvuka bila ushuru, na 1927 tukaingia mzima mzima. Utasema mazungumzo gani hayo, Mwingereza na Mwingereza? Lakini magavana walivutana kweli! Donald Cameron, gavana wetu 1925 hadi 1931, alikataa katakata Tanganyika imezwe na Kenya kisiasa. Kwenye forodha, hata hivyo, akaingia.

Sasa fikiria duka la Mashewa, kwetu Korogwe. Unga wa ngano ukitoka ng'ambo kupitia bandari ya Tanga, unalipiwa ushuru, hela inaingia hazina Dar. Ukitoka Kenya, haulipiwi kitu. Mnunuzi apate nafuu? Wapi! Setla wa Kenya analindwa na ushuru ule ule, kwa hiyo anapandisha bei yake mpaka karibu na ya unga wa ng'ambo. Mteja anatoa hela ile ile, ila badala ya kwenda hazina inaishia mfukoni mwa setla. Sukari na siagi hivyo hivyo.

Na sisi tuliuza nini Nairobi? Mkonge wa Korogwe ulipanda treni mpaka Tanga, ukapakiwa melini kwenda Ulaya. Umoja wa forodha haukuuongezea soko hata chembe.

Wala si maneno yangu ya kijiweni. Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa na London kukagua fedha za Tanganyika, aliukosoa mpango huo 1932. Ukabaki. Mkataba wa 1967 ndio ukaruhusu nchi inayonunua zaidi kuliko inavyouza kwa jirani itoze kodi bidhaa za viwanda vya huyo jirani. Miaka 40 imeshapita!

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza 1926, mwaka mmoja kabla ya kuingia mzima mzima. Mwafrika wa kwanza kukaa humo ni 1945.