Marubani, Waongoza Ndege na Anga ya Majirani



Mpaka wa nchi mbili juu ya ardhi una bendera, askari na kizuizi. Angani mpaka huo huo hauna alama yoyote. Rubani hujua ameuvuka kwa sababu sauti anayozungumza nayo redioni imebadilika. Ndege itokayo Johannesburg kwenda Nairobi hupita katika mikono ya waongoza ndege wa Dar es Salaam, kisha hukabidhiwa kwa wenzao wa Nairobi. Makabidhiano hayo ndiyo kiini cha mabishano ya miaka mingi kati ya marubani na waongoza ndege wa bara letu.

Marubani wana shirikisho lao la kimataifa, IFALPA, lililoundwa mwaka 1948. Waongoza ndege nao wana lao, IFATCA, la mwaka 1961. Katika miaka ya 1990 marubani walipaza sauti kwamba sehemu kubwa ya anga ya Afrika haikuwa salama: rubani huita, hajibiwi, au hujibiwa na kituo kisichokuwa na habari kwamba yumo njiani. Waongoza ndege hawakukana kuwapo kwa kasoro. Jibu lao lilikuwa kwamba mtu aliyepewa redio mbovu, simu iliyokatika na zamu isiyokuwa na mtu wa kumpokea hawezi kulaumiwa kana kwamba amelala kazini. Tena wakaongeza kwamba marubani nao huacha mipango waliyoiandika wenyewe.

Tarehe 13 Septemba, 1997, kila upande ulipata ushahidi wake, na ushahidi huo ulikuwa maiti 33. Ndege ya jeshi la anga la Ujerumani aina ya Tupolev 154, iliyokuwa na watu 24, ilikuwa ikishuka kusini kuelekea Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi ambayo ukombozi wake tuliupigania pamoja hadi uhuru wa mwaka 1990. Ndege ya mizigo ya jeshi la Marekani aina ya C-141, yenye watu 9, ilikuwa imeondoka Windhoek kwenda kisiwa cha Ascension. Zikakutana uso kwa uso kiasi cha futi 35,000 juu ya bahari, magharibi ya pwani ya Namibia. Hakuna aliyepona.

Kanuni za wakati ule zilikuwa wazi. Katika viwango hivyo vya juu, ndege zielekeazo upande wa mashariki zilipewa futi 29,000, 33,000 au 37,000, nazo zielekeazo upande wa magharibi zilipewa 31,000, 35,000 au 39,000. Mmarekani alikuwa mahali pake. Mjerumani aliandika katika mpango wake kwamba angeruka futi 39,000, akaruka 35,000, na kwa mwelekeo aliokuwa nao hata hicho alichoandika hakikuwa kiwango chake. Basi kosa la rubani? Uchunguzi wa Wamarekani uliliweka kosa hilo mbele. Lakini ndege hiyo ilipita katika anga ya Angola, nchi iliyokuwa imeandamwa na vita tangu mwaka 1975, na kituo cha Luanda kilichokuwa kikizungumza nayo hakikuisahihisha. Windhoek, ambako ndege hiyo ilikuwa inakwenda, hawakuwa na habari zake. Mtandao wa kupelekeana taarifa kati ya vituo ulionekana mbovu na wenye mizunguko mingi. Ndege zote mbili hazikuwa na chombo cha kumwonya rubani kwamba kuna mwenzake mbele. Sharti la chombo hicho kwa ndege kubwa za abiria duniani kote lilikuja kuanza mwaka 2003.

Kwa maoni yetu, atakayeisoma habari hiyo akamlaumu mmoja tu kati ya wawili hao hakuisoma yote.

Marubani walikuwa na dawa yao ya muda. Katika anga wasizoziamini, hutangaziana wao kwa wao mahali walipo, kiwango wanachoruka na saa watakapofika kituo kinachofuata, wakitumia masafa ya megahezi 126.9. Ni utaratibu wa busara. Hata hivyo, ni aibu kwa serikali yoyote kwamba wageni wanaopita juu ya paa lake hulazimika kuulizana njia wenyewe.

Mwaka 2008, tarehe 25 Septemba, Afrika iliingia katika mageuzi makubwa: nafasi kati ya ndege na ndege kuanzia futi 29,000 hadi 41,000 ilipunguzwa kutoka futi 2,000 hadi 1,000. Rubani alifurahi kwa kuwa alipata viwango vingi zaidi vya kuchagua, na mafuta yakapungua. Kwa mwongoza ndege nafasi ya kosa ilikuwa imekatwa nusu. Wote wawili walikuwa sahihi.

Afrika ya Mashariki ina sababu yake ya kulifuatilia jambo hili. Kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, waongoza ndege wa Entebbe, Nairobi na Dar es Salaam walikuwa na mwajiri mmoja, na chuo chao kilikuwa Nairobi; marubani walikuwa na chuo Soroti, Uganda. Wengi tunakumbuka kugawanywa kwa ndege, reli na meli. Wachache hukumbuka kwamba idara moja ya usafiri wa anga nayo iligawanyika, na aliyekuwa mfanyakazi mwenzako kwenye simu akawa mtumishi wa serikali nyingine.

Mkataba wa Jumuiya mpya, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba, 1999, unataka anga ya juu ya nchi wanachama iongozwe kwa mfumo mmoja. Shauri hilo rubani hulipenda upesi: sauti moja, njia zilizonyooka. Mwongoza ndege huuliza kwanza kituo hicho kitajengwa mji gani, ada za ndege zipitazo zitaingia hazina ya nani, na yeye aliyezoea anga yake kwa miaka ishirini atahamia wapi. Tusimdhihaki kwa maswali hayo. Jumuiya ya kwanza ilikufa kwa ugomvi wa mapato na makao makuu. Lakini liko swali la nne, nalo halihitaji kungoja jengo wala mkataba: je, usiku huu, laini ya simu kati ya kituo na kituo ikikatika, taarifa ya ndege iliyo njiani itafika kwa njia gani nyingine?