Haki ya Maskini Katika Mavuno ya Nanyamba

Miongoni mwa ibada ambazo mwanadamu amepewa ili kumtukuza Muumba wake, zaka ina hali ya peke yake, kwa kuwa haitimizwi mpaka mtu wa pili, ambaye aghalabu ni fukara, anyoshe mkono na kupokea. Na mwenye kutaka kuijua historia yake katika kusini ya Tanzania hana budi kuitazama nchi ya Nanyamba, juu ya uwanda wa Makonde, katika njia itokayo Mtwara kwenda Tandahimba na Newala, ambako kutoa kulikuwa kugumu kabla ya sheria ya dini yoyote kufika.

Ugumu huo ulianza na maji. Udongo wa mchanga wa uwanda ule hunywa mvua upesi, na wenyeji wa zamani walishuka mabondeni kuyatafuta maji na kuyapandisha mlimani vichwani mwao. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliwastaajabia watu walioridhia kukaa mbali na chemchemi namna ile. Lakini vichaka vizito vya juu viliwasitiri wenyeji dhidi ya wavamizi na wateka watumwa, nao waliona afadhali kiu kuliko minyororo. Katika nchi kama hiyo, aliyempa mpita njia kata ya maji alimpa sehemu ya siku yake na ya nguvu za mwili wake. Kwa hiyo waalimu wa pwani walipokuja kusimulia kwamba Mtume alikutaja kunywesha maji kuwa sadaka bora, na kwamba Sayidina Othman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma huko Madina akakifanya wakfu kwa watu wote, walisimulia jambo ambalo wasikilizaji wao walikuwa wamekwisha kulipima kwa shingo zao.

Kabla ya waalimu hao watu wa kusini walikuwa na matoleo yao. Unga ulimwagwa chini ya mti kwa ajili ya wazee waliotangulia, na mwenye shamba kubwa aliwaalika majirani kulima, akawalisha. Hatuna haja ya kuyadharau hayo ili kuisifu dini, kwa maana yaliwafundisha watu kwamba mavuno hayakuwa kazi ya mkono mmoja, na kwamba mwenye ghala ana deni kwa wasioonekana na kwa wanaoonekana pia. Neno sadaka lilipoingia katika matanga, katika khitma na katika dua za kuomba mvua, lilikuta mlango uko wazi.

Katika bandari ya Mikindani Uislamu ulikuwa wa zamani, lakini katika vijiji vya bara ulienea hasa katika vizazi vilivyofuata Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Uliletwa na waalimu wa vyuo vya Kurani na wafuasi wa tarika, hasa Kadiria na Shadhilia, ambao wengi wao hawakuwa na mali wala cheo, waliokula kwa jasho lao na kwa kile walichopewa na wanafunzi. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikafika mpaka Ruvuma: mwaka 1916 Wareno waliiteka Newala na kufukuzwa, na mwezi wa Oktoba 1917 damu nyingi ilimwagika Mahiwa, karibu na Nyangao. Majeshi yalikula chakula cha raia na kuchukua wanaume kuwa wapagazi. Baada ya dhiki kama ile, fundisho kwamba mwenye njaa ana haki katika mali ya mwenye shibe halikuwa fundisho la vitabuni tu.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi kufahamika kwa mkulima. Wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, hutoa zaka ya nafaka inayoliwa na kuwekwa akiba, kama mtama, mahindi na mpunga, ikiwa imefikia wasaki tano. Hizo ni sa'a 300, na watu wa pwani, kwa kuilinganisha sa'a na pishi yao, na mudi na kibaba chao, walihesabu pishi 300 au vibaba 1,200, yaani kilo 650 hivi kwa makadirio ya wengi leo. Shamba lililonyeshewa na mvua hutoa sehemu moja katika kumi; lililonyweshwa kwa taabu na gharama hutoa moja katika ishirini. Wakati wake ni siku ya mavuno, wala haungoji kupita mwaka. Hata asiyefikilia kiasi hicho hutoa fitri mwisho wa Ramadhani, pishi moja kwa kila nafsi anayoilisha, maadamu ana ziada ya chakula chake cha siku ile, hata maskini naye akaonja heshima ya kuwa mtoaji.

Zamani hizo hizo watu wa kusini walikuwa wakijifunza utoaji wa namna nyingine. Kuanzia mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilitoza kodi ya nyumba, na nyuma ya mtoza kodi alisimama askari. Kodi hukamilika hata mlipaji akilaani moyoni, ilhali zaka bila nia haina thamani mbele ya Mungu. Na mwenye kutoa kisha akamfuatia mpokeaji kwa masimango ameivunja sadaka yake kwa ulimi wake mwenyewe. Kanisa nalo lilifundisha vivyo hivyo. Misheni ya Waanglikana iliyofika Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa, na Wabenediktini waliojenga Ndanda mwaka 1906, walihubiri juu ya Ibrahimu aliyempa Melkizedeki fungu la kumi, juu ya agizo la Musa kwamba zaka ya mwaka wa tatu iwafae yatima, wajane na wageni, na juu ya Yesu aliyewakemea waliotoa zaka ya mnanaa wakaacha rehema. Hivyo msikiti na kanisa, katika mengi waliyohitilafiana, walikubaliana kwamba kipimo cha kutoa ni moyo, na kwamba mpokeaji hawi mtumwa wa mtoaji.

Mti uliogeuza mambo ni mkorosho. Wareno waliuleta katika pwani hii kutoka Brazili katika karne ya 16, lakini ni katika karne ya 20 ulipokuwa tegemeo la uwanda wa Makonde. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Kisha wakulima kuhamishiwa vijijini, bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga vikayashusha mavuno mpaka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Tangu mwaka 2007 korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, na katika msimu wa 2017/18 bei mnadani ilifika takribani shilingi 4,000 kwa kilo. Nanyamba, iliyopata halmashauri yake ya mji mwaka 2015, huishi kwa fedha hiyo.

Hapa ndipo lilipozuka suala zito. Kwa Shafii korosho haimo katika mazao yanayotolewa ushuri, yaani zaka ya mavuno, kwa kuwa si chakula cha kutegemewa. Bei yake ndiyo hutolewa zaka, sehemu moja katika arobaini, ikiwa imefikia nisabu, yaani kiwango kilichowekwa, na kukaa mwaka mzima wa mwandamo. Imamu mwingine, Abu Hanifa, alikuwa na rai kwamba kila kinachooteshwa na ardhi kwa kilimo kina ushuri wake, na baadhi ya wanavyuoni wa siku zetu wameifuata. Tazama tofauti hiyo inavyomgusa fukara: mkulima alipwaye mwezi wa Novemba, akajenga, akaoza, akacheza jando la wanawe, na fedha ikaisha kabla ya masika kwisha, hakuvunja sheria yoyote ya madhehebu yake, na jirani yake mjane hakupata kitu. Makato ya ushirika na ya halmashauri hayawezi kushika mahali pa zaka, kwa sababu hukatwa kabla mkulima hajaigusa fedha wala kuinuia.

Lakini historia ya watu hawa inatuonyesha kwamba ukarimu wao haukupata kungoja hesabu. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu ya Wamakonde walivuka Ruvuma wakikimbia, na wenyeji wa upande huu, ambao nao walikuwa na mihogo ya kupima na maji ya kutafuta, wakawapokea kama ndugu, hata vijiji vya mtoni vilipokuwa vikihatarishwa na mabomu ya Wareno kwa ajili ya wageni wale. Hakuna nisabu iliyowalazimisha kufanya hivyo.

Kwa hiyo natoa rai kwa wakulima wa Nanyamba, Waislamu na Wakristo: wanavyuoni na waendelee na hitilafu yao, kwani ni rehema na ina adabu yake, lakini siku fedha ya korosho inapotoka, lisipite jua la siku ile kabla ya kutengwa fungu la yatima, la mjane na la mgonjwa, nalo lifikishwe kwao kwa siri na kwa maneno mema. Mazao yamebadilika na pishi imewekwa kando, lakini haki ya maskini katika mavuno haijafutwa.