Trekta za mvuke zilizovuta mashua Mitumba

Tarehe 18 Agosti 2025 ilitimia miaka 110 tangu msafara wa Waingereza uondoke Fungurume, Katanga, ukiwa na Mimi na Toutou, mashua mbili za mbao zenye urefu wa mita 12, kwenda kupigana na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Vita yenyewe inajulikana: meli ya Wajerumani Kingani ilitekwa 26 Desemba 1915, nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa 9 Februari 1916. Trekta mbili za mvuke zilizozikokota mashua hizo, pamoja na maksai na wapagazi, hutajwa kidogo tu.

Dereva wa kamio aliyewahi kulala kwenye tope la Komanda, hapa Ituri, anaijua shida ya msafara ule. Toka Fungurume hadi reli ya Sankisia ni kilomita 235, kupanda milima ya Mitumba mpaka karibu mita 2,000. Madaraja zaidi ya 150 yalijengwa njiani. Boila ilikula kuni na kunywa maji bila kushiba; maji yalipokwisha, wanawake wa vijijini waliyabeba kwa mitungi. Msafara ulifika Sankisia 28 Septemba.

Peter Shankland, aliyeandika habari hizi mwaka 1968, alimsikiliza zaidi daktari wa msafara, Hother Hanschell. Giles Foden akafuata mwaka 2004. Kwao mhusika mkuu ni kamanda Geoffrey Spicer-Simson na majivuno yake. Wazo, hata hivyo, lilikuwa la mwindaji John Lee, aliyelipeleka London mwenyewe kisha akatangulia kuitafuta njia. Akashutumiwa kwamba ni mlevi na amewatukana Wabelgiji. Spicer-Simson akamwondoa kabla mashua hazijaliona ziwa. Ukisoma unamhurumia, na unashuku kwamba kamanda hakutaka wa kugawana naye sifa. Kuhusu waliochonga madaraja, kurasa ni chache.

Uingereza, trekta za rika la zile za msafara hufufuliwa hadi leo. Fundi haanzi na rangi. Anasugua bamba la kiwanda apate namba, kisha anaitafuta kwenye daftari za mtengenezaji. Daftari za kampuni ya Fowler zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho Reading. Humo anaona mteja wa kwanza, tarehe na aina ya boila. Ndipo anakwangua rangi tabaka kwa tabaka mpaka aikute ya kwanza. Boila iliyoliwa na kutu haiwashwi kwa kubahatisha. Hupimwa kwanza kwa shinikizo la maji baridi.

Sisi wa Ituri tumeishi na mitambo ya machimbo ya Kilo-Moto tangu dhahabu ianze kuchimbwa mwaka 1905. Mafundi wa kuifufua mashine tunao, Bunia hawakosekani. Kinachokosekana ni subira: mashine ikizimika inageuzwa vipuri, na mabaki yake yanauzwa kwa kilo. Anayeshika mtungi wa gesi wa kukatia chuma angeanza na brashi ya waya: asugue bamba, anakili namba, apige picha pande zote nne. Kazi ya nusu saa.