Hundi ya Magwagwa na Tarakimu Zinazosikika

Samahani kwa kimya, kazi zilinibana. Leo tuyaweke kando masuala ya lugha za programu tuzungumzie kitu ambacho huenda kimelala kwenye droo yako nyumbani: hundi, au cheki kama wengi tunavyoiita. Itazame sehemu ya chini kabisa. Utaona mstari wa tarakimu zenye umbo la ajabu, nyembamba huku, nene kule, kama zile za filamu za vyombo vya anga. Umewahi kujiuliza kwa nini ziko hivyo? Mimi sikuwahi, pamoja na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, mpaka siku tarakimu hizo ziliponiaibisha mbele ya mama yangu.

Ilikuwa mwaka 2021. Kwetu ni Magwagwa, kaunti ya Nyamira, na kama mjuavyo, huko kwetu mambo ni chai. Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama wakulima. Bonasi ya chai ikiingia, chama huandika hundi za karo kwa shule moja kwa moja, ili fedha zisipotelee njiani. Benki iliwapa karatasi za hundi zinazopita kwenye printa, mama akaniambia, "Mwanangu, si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Tuandikie programu, mkono wangu umechoka."

Programu niliiandika kwa wikendi moja. Ilichapa tarehe, jina la shule, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Kisha nikaona pale chini, pembeni mwa zile tarakimu za ajabu, pana nafasi tupu. Nikaichapa hapo namba ya mwanachama. Nikaona nimefanya la maana.

Hundi 14 zikarudi.

Kijijini, hundi ikirudi ina maana moja tu: imebaunsi, akaunti haina kitu. Na katika sheria za Kenya, kutoa hundi huku ukijua akaunti haina fedha ni kosa la jinai. Watoto wawili walirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mweka hazina amekula bonasi. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulifanya nini?" Sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipoanza kuisoma historia hii.

Tuanze na neno lenyewe. Hundi ni neno lililotoka Bara Hindi, na wafanyabiashara wa Kihindi walitumia barua za malipo za jina hilo katika pwani yetu kabla ya benki za kisasa kufika. Mwaka 1896 National Bank of India ikafungua tawi Mombasa. Benki hiyo ndiyo babu wa KCB ya leo, iliyopata jina la Kenya Commercial Bank mwaka 1970 serikali iliponunua hisa nyingi.

Shida ya hundi ni kwamba lazima irudi kwao. Ukipewa hundi ya benki A ukaiweka benki B, ni lazima benki A ijue, ikague, ikate akaunti. London, katika karne ya 18, makarani wa benki walikuwa wakikutana mahali pamoja kila siku na mabunda ya hundi, wakabadilishana, wakalipana tofauti tu. Nairobi nayo ilifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi. Yote kwa macho na mikono ya watu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mikono hiyo ilizidiwa, hasa Marekani. Bank of America, iliyokuwa benki kubwa kuliko zote duniani wakati huo, ilikuwa inafunga milango yake mapema mchana ili makarani wamalize kuingiza hesabu za siku. Mwaka 1950 benki hiyo ikaiendea taasisi ya utafiti ya Stanford, SRI, kule California, ikaomba mashine. Mashine iliyozaliwa iliitwa ERMA. Ilionyeshwa hadharani mwaka 1955, na kampuni ya General Electric ikaziunda zile zilizoanza kazi mwaka 1959.

Sasa nyinyi wenzangu wa programu, sikilizeni hapa. Kabla ya ERMA, akaunti za benki hiyo zilipangwa kwa majina, kwa mpangilio wa alfabeti! Akija mteja mpya, orodha inasogezwa. Fikiria orodha hiyo kwetu Nyamira, ambako kina Nyaboke, Kemunto na Moraa hawahesabiki. Watafiti wa SRI wakaamua kila akaunti ipewe namba yake. Namba ya akaunti unayoitaja leo bila kufikiri ilianza kama suluhisho la tatizo letu la kila siku: kumtambua mtu mmoja bila kumchanganya na mwingine.

Lakini namba hiyo mashine itaisoma vipi? Kuisoma kwa mwanga, kama jicho linavyosoma, kulikuwa na taabu. Hundi hukunjwa, hupigwa mihuri, hutiwa sahihi juu ya maandishi, humwagikiwa chai. Mhandisi Kenneth Eldredge na wenzake wa SRI wakachukua njia nyingine: sumaku. Wino ukachanganywa na oksidi ya chuma. Hundi inapopita kwenye mashine, tarakimu hutiwa usumaku kwanza, kisha hupita mbele ya kichwa cha kusomea, sawa kabisa na utepe wa kaseti unavyopita kwenye redio. Muhuri wa wino wa kawaida juu yake hauna sauti, kwa hiyo mashine haiujali. Mwaka 1956 chama cha mabenki cha Marekani kikaukubali mfumo huo. Ndio MICR, ambao wenyewe huutamka "maika".

Ndipo tunapofika kwenye umbo lile la ajabu. Fonti hiyo inaitwa E-13B. Ina alama 14 tu: tarakimu 10 na alama 4 za kutenganisha sehemu za mstari. Ile 13 ni kipimo cha 0.013 ya inchi ambacho umbo zima limejengwa juu yake. Unene umewekwa mahali maalumu ili kila tarakimu, ikipita mbele ya kichwa kuanzia upande wake wa kulia, itoe wimbi lisilofanana na la nyingine yoyote. Yaani hizo ni tarakimu zilizochorwa kwa ajili ya sikio, na jicho letu limepewa nafasi ya pili.

Kenya nayo ikaingia. Mwaka 1998 ubadilishanaji wa hundi Nairobi ukaanza kufanywa kwa mitambo. Mstari wa chini wa hundi zetu unabeba namba ya hundi, benki, tawi na akaunti. Benki ina tarakimu mbili: 01 ni KCB, 11 ni Co-operative, 68 ni Equity. Tawi lina tarakimu tatu. Mwaka 2009 hundi za zaidi ya shilingi milioni 1 zikazuiwa kupita njia hiyo. Mwaka 2011 karatasi zenyewe zikaacha kusafiri: benki inayopokea inapiga picha na kuituma pamoja na tarakimu zilizosomwa. Hundi ya Nyamira haihitaji tena kupanda gari kwenda Nairobi.

Turudi kwenye aibu yangu. Sehemu ya chini ya hundi, kama milimita 16 hivi kutoka ukingoni, imeachwa tupu kwa makusudi. Ni njia ya kichwa cha kusomea. Tona nyeusi za printa nyingi za leza zina oksidi ya chuma ndani yake, kwa sababu printa huivuta kwa sumaku. Kwa hiyo ile namba yangu ya mwanachama ilikuwa inapiga kelele katikati ya wimbo, kwa fonti isiyojulikana. Mashine haikuelewa, ikazitema zote. Akaunti ya akina mama ilikuwa na fedha zake zote.

Kurekebisha programu kulinichukua dakika 10: niliipandisha namba ile juu ya hundi. Kurekebisha jina la mama kulichukua muda zaidi. Nilipanda gari hadi nyumbani, nikasimama kwenye mkutano wa chama, nikaeleza kwamba kosa ni langu, na taarifa ya benki nikaipitisha mkono kwa mkono waone salio. Mama mmoja mzee aliigeuzageuza hundi akauliza, "Kwa hiyo hii inasikia?" Nikamwambia, ndiyo mama, inasikia. Wakacheka, kikao kikaendelea.

Siku hizi shule nyingi hupokea karo kwa simu, na chama huandika hundi chache. Lakini ukipata moja, itazame vizuri pale chini kabla ya kuitoa. Na wewe uliyewahi kuchapa hundi, tuambie yalikupata yapi. Tukutane tena hivi karibuni.