Uhawilishaji

Ivuna, wilayani Momba, chumvi ilichemshwa na kupelekwa mbali karne nyingi kabla ya noti ya kwanza ya shilingi. Mali kuhama mkono si habari mpya huko. Jina la kiofisi la kuhamisha fedha za serikali kwenda kwa kaya maskini, hata hivyo, lingemshangaza mchemsha chumvi: uhawilishaji.

Limekita mizizi katika nyaraka za TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania ulioanza mwaka 2000, hasa tangu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uzinduliwe mwaka 2012. Anayelisikia mara ya kwanza anaweza kudhani ni ugonjwa wa mifugo! Kumbe ni ndugu wa hawala, neno ambalo wafanyabiashara wa Pwani wanalijua vizuri. Kuhawilisha ni kuhamisha kitu kutoka kwa mmiliki mmoja kwenda kwa mwingine. Ni neno sahihi, ila zito. Mitaani watu husema tu “hela za TASAF”.

Neno jingine la fedha hizo, ruzuku, ndilo lililobahatika. Limetoka shina moja na riziki, na kwa asili anayeruzuku ni Mungu, bila kudai stakabadhi. Ruzuku ya TASAF ina sehemu ya msingi na sehemu yenye masharti: watoto wahudhurie shule, wadogo wapelekwe kliniki. Kaya hutajwa kwanza kwenye mkutano wa kijiji, majirani wakisikia, kisha taarifa zake huhakikiwa. Malipo hutoka kwa awamu, mengine siku hizi kupitia simu au benki, yaani kwa hawala.